Si kila homa ni malaria, si kila moshi mweupe ni gasketi

Mwezi huu naziweka kando habari za chanjo na shinikizo la damu, nizungumzie mgonjwa wa aina nyingine: gari kuukuu. Wapo watakaosema, muuguzi na injini wapi na wapi? Lakini hesabuni wenyewe. Kwa wengi wetu gari ndilo linalotufikisha zamu ya usiku wakati mabasi yamekwisha. Ndilo linalopeleka watoto shule na madrasa, na kwa wenzetu wanaohudumia wazee majumbani, gari ndiyo ofisi yenyewe. Likilala, kipato nacho kinalala. Na gari tunalolimudu tunapofika ugenini ni lile lililokwisha kutembea maili laki moja na ushei, ambalo wenyewe wamelichoka.

Gari hilo likichemsha siku moja barabarani, au likitoa moshi mweupe asubuhi, kuna maneno utakayoyasikia kwa jirani, kwa mwenzako kazini, na hata kwa fundi mwenye haraka: "Gasketi ya silinda hedi imeungua." Maneno hayo ni ghali. Kwa gari la umri huo, hapa Uingereza bei ya kazi hiyo inaweza kabisa kupita thamani ya gari zima. Ndiyo maana watu hufanya moja kati ya mawili: wanatoa pesa iliyokuwa na kazi nyingine, au wanaliachia gari kwa bei ya chuma chakavu. Langu leo ni moja tu: usilipe, wala usilitupe, kabla halijapimwa.

Tuliosomea uuguzi nyumbani tumelipitia somo hili kwa wagonjwa wa damu na nyama. Miaka mingi mtu akifika zahanati ana homa, anaandikiwa dawa ya malaria na kurudi kwake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, ndipo apewe dawa. Homa inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Ukimpa mtu dawa ya malaria ilhali ana nimonia, umemkosea mara mbili: amemeza asichohitaji, na ugonjwa wake umeachwa uendelee. Moshi mweupe na injini kuchemsha ndiyo homa ya gari. Ni dalili ya kweli, haipuuzwi, lakini haijakutajia jina la ugonjwa.

Gasketi yenyewe ni nini

Injini ina sehemu kubwa mbili zilizobebana. Chini ni bloki, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ni silinda hedi, yenye valvu na plagi. Kati ya hizo mbili hulazwa kipande chembamba chenye matundu mengi. Hicho ndicho gasketi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita jirani sana: moto na gesi ya ndani ya silinda, maji ya kupoza (kulanti), na oili. Kila kimoja kibaki kwenye njia yake.

Injini za siku nyingi za kati zina hedi ya aluminiamu juu ya bloki ya chuma cha kusubu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kwa hiyo kila unapowasha gari na kulizima, sehemu hizo mbili husuguana kidogo, na gasketi iko katikati inavumilia. Gari lililotembea maili 150,000 limevumilia hivyo maelfu ya mara. Ongeza kulanti iliyozeeka, ambayo dawa zake za kuzuia kutu zimekwisha nguvu, kisha siku moja rejeta izibe au feni igome, injini ichemke, hedi ipinde. Hapo ndipo gasketi huachia. Kumbukeni basi kwamba mara nyingi gasketi ni matokeo. Ukibadilisha gasketi bila kumtafuta aliyeichemsha injini, baada ya muda mtaonana tena na fundi.

Dalili, na jinsi zinavyodanganya

Gasketi inaweza kuachia sehemu tofauti, na dalili hufuata mahali palipoachia.

Gesi ya moto ikiingia kwenye njia ya maji, utaona mapovu yasiyokoma kwenye tangi dogo la kulanti, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, na maji yanasukumwa nje. Maji yakiingia kwenye silinda, utaona moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamuutamu, injini inatetemeka asubuhi, na kulanti inapungua bila tone chini. Maji yakiingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ikikatika kati ya silinda mbili jirani, injini inakosa nguvu na kutetemeka, na huenda usione tone la maji wala moshi.

Sasa tazameni upande wa pili. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, unaopotea baada ya dakika kadhaa, ni mvuke wa kawaida uliotulia ndani ya ekzosi usiku kucha. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili, kwa gari linalokwenda safari fupi fupi wakati wa baridi, unaweza kuwa unyevu wa hewa tu: injini haipati joto la kutosha kuukausha. Kulanti kupungua kunaweza kuwa mpira uliochoka, pampu ya maji, rejeta, au kirejeta cha hita ndani ya dashibodi. Hapo utakuta zulia la abiria limelowa na vioo vinatoka ukungu wenye harufu tamu. Kuchemsha kunaweza kuwa thamostati iliyogoma kufunguka, feni isiyozunguka, hewa iliyonaswa kwenye mabomba, au hata mfuniko wa tangi usioshika tena presha. Na kwa magari ya dizeli, kipoza cha gesi ya ekzosi kikipasuka kinaweza kumwaga kulanti ndani ya injini, kikaiga kila kitu ambacho gasketi hufanya.

Mahali mnapoishi pia pana neno. Ninyi wa Muscat na Doha, mwezi wa saba moshi mweupe hauna kisingizio cha baridi. Ukiuona, lipeleke gari likapimwe. Ninyi wa Minneapolis, msimu wa theluji kila ekzosi inatoa moshi mweupe, na kwenu hatari ni nyingine: tabia tuliyotoka nayo nyumbani ya kuongeza maji ya bomba matupu. Maji matupu huganda, yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua bloki. Tabia nyingine ya nyumbani ni kung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Gari likishang'olewa thamostati injini haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi, na anayekuja kulipima anachanganyikiwa.

Gari letu na macho ya mama

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu, hapa Leicester. Gari letu ni la petroli, la mwaka 2007, na Januari ile lilikuwa na maili 142,000, yaani kilomita kama 228,000. Baba watoto aliona kulanti inashuka kila wiki, na chini pa gari pakavu. Asubuhi moshi mweupe. Akafungua mfuniko wa oili, akakuta ute wa rangi ya maziwa. Gereji ya kwanza walisikiliza maelezo, wakatazama ule mfuniko, wakatoa hukumu: gasketi, pauni 1,350. Hawakupima kitu.

Pesa tuliyokuwa nayo ni pauni 900, na ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya operesheni ya mtoto wa jicho ya mama yangu, ambaye alikuwa amefika hatua ya kuwatambua wajukuu kwenye simu kwa sauti tu. Shemeji yangu, mwanafunzi anayekaa nasi, alisema kwa nia njema, "Shemeji, liuzeni tu, tutapanda basi." Lakini zamu yangu huanza saa moja na nusu usiku upande wa pili wa mji, na basi la kunirudisha asubuhi ya Jumapili ni hadithi nyingine.

Tukampelekea gari fundi mmoja Msomali aliyekulia Mombasa. Kiswahili chake cha pwani unaweza kukisikiliza hata kama gari zima. Nikamweleza kila kitu kama ninavyokabidhi wodi kwa zamu inayoingia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dadangu, gari hii yapoteza maji, hilo nakubali. Lakini yaenda wapi? Tusimzike mtu kabla hatujamshika mshipa."

Alianza na maswali. Je, geji ya joto imewahi kupanda? Hapana, kwa kuwa tulikuwa tunaongeza kulanti kila wiki. Safari zetu ni za umbali gani? Shule ni maili mbili, hospitali ni maili nne. Akachomoa kijiti cha oili: oili yake ilikuwa kahawia safi, na haikuzidi kipimo. Ute ulikuwa kwenye mfuniko tu. Kisha akafanya kipimo cha dawa ya buluu nitakachokieleza chini. Ikabaki buluu. Akafunga pampu ya presha kwenye tangi la kulanti, akaijaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, akatuachia chai. Tuliporudi sindano ilikuwa imeshuka. Akamulika kwa tochi na kioo kidogo upande wa pampu ya maji: palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, alama ya kulanti iliyokauka. Pampu ilikuwa inavuja tone moja moja wakati injini imepata moto, tone linaangukia chuma cha moto na kukauka kabla halijafika chini. Ndiyo maana hatukuwahi kuona dimbwi.

Pampu, kulanti mpya na ufundi: pauni 240. Ute wa kwenye mfuniko ulitoweka tulipokwenda Leeds na kurudi kwa barabara kuu. Mama alifanyiwa operesheni mwezi wa nne kama ilivyopangwa.

Vipimo, kuanzia cha bure

Sisemi kila mmoja ajifanye fundi. Nasema mjue vipimo vipo, mjue mpangilio wake, ili mkiambiwa "gasketi" muulize, "Umepima nini?" Mpangilio wa busara ni kuanzia cha bei ndogo kwenda kikubwa, na kuanzia kisichofungua kitu.

Kwanza, historia. Andika mahali: kulanti inapungua kiasi gani kwa wiki? Linachemsha kwenye foleni tu? Shuku feni kwanza. Linachemsha kwenye mwendo kasi au mlima? Shuku rejeta iliyoziba, thamostati, pampu, na gasketi pia. Liliwahi kuchemsha kabla hujalinunua? Muulize aliyekuuzia.

Pili, macho, injini ikiwa baridi. Tazama kiwango na rangi ya kulanti. Je, juu kuna utando wa mafuta? Chomoa kijiti cha oili, usitazame mfuniko peke yake. Gusa zulia la mbele. Tandika kipande cha kadibodi safi chini ya gari usiku mmoja, usome asubuhi kilichodondoka na kimedondokea wapi.

Tatu, kuwasha injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko wa kulanti ukiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni habari mbaya. Rudisha mfuniko kabla injini haijapata joto.

Nne, dawa ya buluu. Ni kifaa cha bomba la kioo au plastiki unachokiweka juu ya mdomo wa rejeta au tangi, kikiwa na maji ya buluu ndani. Unavuta hewa iliyo juu ya kulanti ipite kwenye ile dawa. Gesi ya injini ina kaboni dioksaidi, na gesi hiyo ikikutana na dawa inaigeuza rangi: kwa injini ya petroli, inakwenda njano. Ikibaki buluu, hakuna gesi iliyofika kwenye maji kwa wakati ule. Kifaa hiki kinauzwa madukani kwa kama pauni 30, na kikundi cha watu watano mnaweza kununua kimoja. Angalizo: kisinyonye kulanti yenyewe, kitaharibu dawa. Na injini iwe imepata joto la kazi, maana gasketi nyingine huachia ikiwa na moto tu. Pia kumbukeni kipimo hiki kinatafuta gesi ndani ya maji. Kama gasketi imekatika kati ya silinda mbili tu, dawa inaweza kubaki buluu. Ni sawa na kipimo chochote cha maabara: jibu lake ni la swali ulilouliza, si la maswali yote.

Tano, presha ya njia ya maji, kama alivyofanya fundi wetu. Sindano ikishuka na nje pakavu kabisa, maji yanaingia ndani. Hapo fundi hufungua plagi na kutazama ipi imelowa, au ipi imeoshwa ikawa safi kuliko wenzake.

Sita, kompresheni. Fundi anafunga geji kwenye kila tundu la plagi na kuzungusha injini. Namba zinategemea injini, lakini kikubwa ni zilingane. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika kati yao. Silinda moja ikiwa chini, anadondosha oili kidogo ndani na kupima tena: namba ikipanda, pistoni na ringi zake zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Kuna na kipimo cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inatokea wapi. Ikitoa mapovu kwenye kulanti, hapo mshitakiwa amekiri.

Ikiwa kweli ni gasketi

Kuna dada mmoja wa Bukavu tunayesali na kufunga vikoba naye, kazi yake ni kuzunguka kuhudumia wazee nyumba kwa nyumba. Gari lake lilikuwa na maili 168,000. Yeye mpira wa juu ulikuwa mgumu asubuhi kabla injini haijapata moto, na mapovu hayakukoma. Kwa yule yule fundi wa Mombasa dawa ikageuka njano chini ya dakika moja. Kompresheni: silinda ya kwanza na ya nne zilisoma 175, ya pili na ya tatu 90, na oili haikuzipandisha. Hakukuwa na cha kubishana.

Alilia kidogo, kisha akauliza swali sahihi: gari hili likipona, litakuwa na thamani gani? Matengenezo yalikuwa pauni 1,400. Gari zima la aina ile, likiwa salama, lilikuwa likiuzwa kama pauni 900. Tukaingiza namba ya gari kwenye huduma ya bure ya serikali ya hapa inayoonyesha historia ya ukaguzi wa kila mwaka, ule uitwao MOT. Miaka miwili mfululizo wakaguzi walikuwa wameandika onyo la kutu chini ya milango. Maana yake hata moyo ukitibiwa, mifupa imeoza. Akaliuza kwa vipuri, pauni 220, akisema wazi lina ugonjwa gani. Kwenye likelemba yao, sisi tunaita upatu, wenzake walimpisha zamu yake ya mbele, na baada ya siku tisa alikuwa na gari jingine. Kabla hajalilipia, aliomba lipimwe kwa dawa ya buluu. Siku tisa zile alizunguka kwa wazee wake kwa basi na kwa miguu, na hakukosa ziara hata moja.

Nawapa mifano miwili makusudi. Mmoja kipimo kilikataa, mmoja kilikubali, na wote wawili waliokoa pesa. Kipimo chema si kile kinacholeta habari njema. Ni kile kinachokuwezesha kuamua.

Ukiamua kutengeneza, jua unalipia nini. Gasketi yenyewe ni bei ndogo. Pesa kubwa ni saa za kufungua na kufunga. Uliza: hedi itapimwa kama imepinda au imepata ufa? Ikipinda, itasagwa uso wake? Boliti za hedi zitakuwa mpya? Injini nyingi hutumia boliti zinazovutika mara moja, hazirudishwi. Kwa kuwa injini imekwisha kufunguliwa, je, pampu, thamostati na mkanda wa taimingi vitabadilishwa hapo hapo? Na lile swali kubwa: nini kiliichemsha mwanzoni? Omba makadirio kwa maandishi.

Zipo dawa za chupa za kumimina ndani ya rejeta, zinazodai kuziba gasketi. Kwangu hizo ni kama dawa ya maumivu kwa mtu aliyevunjika mguu. Zinaweza kumfikisha gari lililo mwisho wa safari yake wiki kadhaa mbele, lakini zinaweza pia kuziba mishipa ya hita na rejeta. Usimimine kwa gari unalokusudia kulitengeneza, na usimimine kabla ya kupima.

Hapa nazungumza kama muuguzi

Yafuatayo ni ya kubandika jikoni.

Usifungue mfuniko wa rejeta au tangi injini ikiwa ya moto. Ndani kuna presha, na kwa presha hiyo maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuondoa. Akiungua mtu, weka palipoungua chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua saa na pete, funika kwa nailoni safi ya jikoni. Usipake dawa ya meno, siagi wala asali. Uso, macho au eneo kubwa: hospitali mara moja.

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli. Ni tamu, ni ya rangi ya kupendeza, na ni sumu. Mwanzoni mtu aliyeinywa huonekana kama mlevi, halafu mwili unaigeuza kuwa asidi, na figo zinaharibika. Kiasi kidogo kinatosha kumdhuru mtoto, na paka na mbwa nao hulamba. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Iliyomwagika ifute na uoshe. Mtoto akiwa amekunywa, au mkishuku tu, usimtapishe wala usingoje dalili. Mpeleke hospitali na chupa yake. Dawa ya kuizuia ipo, lakini inafanya kazi vizuri ikianza mapema.

Sindano ya joto ikipanda barabarani, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho hata kama ni kiangazi, kwa kuwa inanyonya joto la injini, na utafute mahali salama pa kusimama. Kisha zima injini. "Nifike tu nyumbani" ndiyo inayopinda hedi, na hitilafu ya pauni 240 ikageuka ya 1,400. Kwenye barabara kuu za hapa, shukeni kwa milango ya upande wa kushoto, vukeni uzio na watoto wote, mkae mbali na magari, ndipo mpige simu.

Wanafunzi mnaonunua gari la kwanza, hili ni lenu. Nendeni asubuhi, na mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Gari lililopashwa moto limefichiwa dalili. Wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, ahirisheni. Chomoeni kijiti cha oili, tazameni kulanti, liwasheni, sikilizeni dakika mbili za mwanzo, kisha liendesheni dakika ishirini na kutazama geji. Maili nyingi peke yake si kasoro. Gari la maili 150,000 lililobadilishiwa kulanti na oili kwa wakati linaweza kuwa na afya kuliko la 80,000 lililosahauliwa, kama wazee wetu wa kijijini wanavyowashinda vijana kupanda kilima.

Fundi wetu wa Mombasa nilimuuliza wanaokuja kwake wameambiwa gasketi ni wangapi ambao kweli ni gasketi. Akacheka, akasema yeye hahesabu, yeye hupima. Nilitamani wanafunzi wangu wa uuguzi wangekuwepo kumsikia.

Mkiwa na maswali ya mwezi ujao, ya binadamu au ya gari, nitumieni. Mwezi ujao tunarudi kwenye afya: kisukari na mwezi wa Ramadhani. Nawatakia safari njema, na kulanti iwe kwenye mstari.